Ngazi za Ghorofa ya Pili

Nilishuka garimoshi Tartu, Novemba,
theluji nusu maji, viatu vimekunywa.
Mezani pa mlangoni msichana akaniuliza jina.
Nikataja la kuzaliwa: Urve.
Akapekua, akapekua, hakuliona.
Basi nikamnong'oneza lile jingine, ninalolivaa usiku
mume akishalala na jiko likishapoa:
Mke wa Mfuga Nyuki.
Akainua uso. "Kumbe ndiye wewe?"
Akanitazama kama mtu aliyeletewa mzigo
mdogo kuliko alivyoagiza.

Miaka sita naandika jikoni kule Võru
kwa kompyuta ya mwanangu iliyong'oka herufi ya R,
naibonyeza kwa ncha ya ukucha.
Naandika habari za mama anayesahau:
taulo lilelile analikunja mara arobaini,
na asubuhi ile aliyoniita dada
akaniomba ruhusa aende kucheza.
Nani anasoma, sikujua.
Nilikuwa natupa jiwe kisimani, natega sikio.
Mara mojamoja, chubwi.
Mara nyingi, kisima tu.

Ukumbi ulikuwa zamani kiwanda cha miavuli.
Watu mia mbili, majina ya kubuni vifuani.
Nikamwona Heldur, yule wa vinamasi,
ambaye kwa maandishi ananguruma;
barua yake kwa waziri ilinifanya nisimame
peke yangu, na mwiko mkononi, nipige makofi.
Ana kigugumizi.
Neno "maji" lilimchukua nusu kikombe cha chai.
Nikangoja. Kungoja nimefundishwa na mama.
Lilipofika lilikuwa limeoshwa.

Na Leelo, mjane, aliyenitoa machozi sina idadi,
anacheka kicheko cha kuvunja sahani,
mkoba umejaa soseji za moshi, anagawa kila kona.
"Huzuni naiacha kule kwenye maandishi," akasema,
"ndiyo maana huku nina nafasi. Chukua mbili."

Jukwaani kijana wa Riga, soksi za manjano,
akatuonyesha michoro: saa ya kuchapisha,
kichwa cha habari kiwe na maneno mangapi.
Nikanakili yote. Nikayakunja.
Yamo hadi leo mfukoni mwa koti, pamoja na tiketi.

Lakini mimi nilimfuata mmoja.
Anajiita Chumvi. Mistari mitano, hazidishi,
juu ya binti yake asiyesema, juu ya dirisha.
Usiku mama alipopotea, tukamkuta kituo cha basi
na kikapu kitupu,
Chumvi aliandika mistari mitano
asijue kwamba ni yangu.
Nilisoma vifua vya watu mmoja mmoja.
Zamu yake ilipofika, kiti kitupu.
Ameugua, walisema.
Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo husemwa.
Mbona lake nililibeba mimi?

Nikatoka kutafuta choo.
Kwenye ngazi za ghorofa ya pili
mwanamke wa makamo, mnene, amejibanza penye bomba la joto,
ameanika soksi.
Kitambulisho amekigeuza, jina linatazama ndani.
"Zako nazo zimelowa," akasema. Akasogea.
Nikavua.
Soksi nne kwenye bomba moja, zinafuka mvuke.
Nilijua. Naye alijua kuwa nimejua.
Hatukulitaja.
Tulisema bei ya buti. Tulisema binti yake
anapenda mlio wa kijiko kwenye glasi.
Nikasema taulo ni la bluu, sijawahi kuliandika rangi.
Nilikuwa na soseji moja bado; tukaikata kwa meno.
Zilipokauka akavaa, akafunga kamba polepole.
"Ukimwona yule wa nyuki," akasema,
"mwambie asimwache bibi na taulo lake."

Nyumbani nilifika saa sita usiku. Mama yu macho.
"Umetoka shule?"
Nikasema ndiyo.
"Mmefundishwa nini?"
Nikafikiri, koti bado mwilini.
"Kuanika soksi."
Akatikisa kichwa, akaridhika,
akanipa ncha moja ya taulo nishike.