Muuza Vizibo

Siasa niliiachia redio ya kinyozi.
Gazeti nililinunua, ndiyo, kila Jumatatu,
nikasoma matokeo ya mpira, kisha kurasa za mbele
nikafungia vizibo, mia kwa mia,
mawaziri wakasafiri nami wamekunjwa mara nne
na majina yao siyajui.

Naitwa Anselmo Varela, mtu wa Elvas.
Kazi yangu magome ya mwaloni:
hubanduliwa kila baada ya miaka tisa, huchemshwa,
hutobolewa, nami huyazungusha kwa gari
hadi kwa wenye mvinyo wasio na cha kuuzibia.

Sasa, huyo Zdenka Komjanc wa vilima vya Brda
hakuwa na haraka ya kununua.
Alichukua kizibo, akakinusa, akakibonyeza kando ya sikio
kama anayesikiliza yai,
akasema, "Kwanza tutembee."
Viatu vyangu vilikuwa vya mjini. Tukatembea.

Mizabibu ishirini na saba, mstari wa chini kabisa.
"Hii," akasema, "mizizi yake Italia, zabibu zake kwetu.
Mwaka wa arobaini na saba walikuja askari na ndoo ya chokaa
wakapaka mstari palipoelekeza karatasi.
Karatasi ilitoka Paris.
Aliyeichora hakuwahi kupogoa hata mti mmoja."
Babu yake aliamka usiku, akachukua ufagio,
akaufagia mpaka wa dunia mpaka ukaisha.
Asubuhi ulikuwa umerudi, na nyuma yake waya.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tulifika makaburini.
"Bomba la maji lilibaki kule," akasema,
"na mwana wa bibi yangu akabaki huku.
Ili bibi amwagilie maua ya kaburi alitakiwa kibali,
chenye picha, chenye muhuri, chenye sababu ya safari."
"Akaandika sababu gani?"
"Maji."

Waya uling'olewa, akaniambia; watu wakacheza barabarani,
yeye mwenyewe akapoteza kiatu kimoja.
Na juzi juzi polisi wamerudi na tochi zao.
Alilisema hilo kama mtu ataje mvua.

Jioni, mezani, nikafungua mzigo.
Vizibo hakuvitazama. Alilivuta gazeti langu,
akalinyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi shati la mtoto.
"Hapa wanasema nini?"
Nikaanza kumsomea, kwa Kiitaliano changu cha kubabaisha:
bei ya ngano, bandari iliyofungwa,
nchi ambayo hata kuitamka nilijikwaa,
watu elfu nne darajani, usiku, na mablanketi.
Lilikuwa gazeti la Aprili. Tulikuwa Septemba.
Watu wale walikuwa darajani ndani ya buti langu
tangu Aprili.

"Na wenu," akauliza, "mpaka wenu hauna neno?"
"Hauna neno," nikajibu. Akanunua vizibo elfu sita.

Siku tatu njiani.
Kila kituo cha mafuta nilinunua gazeti, nikalisoma kinyumenyume,
mpira mwisho. Graça alipopiga simu akadhani naumwa.

Kisha nikafika Guadiana.
Nikashuka kwenda kutazama daraja la zamani,
matao yake yamesimama kila upande, katikati hamna kitu,
maji tu.
Ng'ambo ya pili ni Olivença, ambayo mjomba wangu Baltasar
aliita mji wetu hadi siku ya kufa, akigonga meza,
nasi watoto tukipigana mateke chini ya meza hiyo hiyo.
Utoto wangu wote nimevua chini ya matao yale.
Nilijua samaki wamelala tao lipi,
saa ngapi wanauma, wanapenda mdudu gani.
Ni nani aliyelivunja, sikujua.

Jumatatu nikaenda kunyolewa.
Nikauliza.
Kinyozi akasimama na wembe hewani, kwanza akanitazama kiooni,
halafu akanyoosha mkono
akaizima redio.