Kidirisha cha Pembeni

Mimi ndiye yule wa kwenye kidirisha,
kona ya chini, kulia,
fulana nyeusi ili vidole vionekane.
Bahari yote ni yao; mimi nimepewa
eneo la ukubwa wa stempu.

Meli imesimama kusini mwa Faial.
Roboti tuliishusha saa kumi alfajiri
na sasa taa zake zimefika
mahali ambapo alfajiri haijawahi kufika.
Mita elfu mbili na mia tatu, mubashara.
Dokta Quitéria yuko kwenye kipaza sauti,
anakula maneno, anacheka, anarudi nyuma,
nami namfuata kwa mikono
kama mtu anayeokota shanga zilizokatika uzi.

Ishara ya matumbawe ninayo. Ya sifongo ninayo.
Theluji ya bahari, lile vumbi la waliofia juu
linaloshuka majuma kwa majuma,
niliifanyia mazoezi kwenye kioo cha bafu:
vidole vyote kumi, polepole, bila kutua.

Kisha kamera ikageuka.

Kitu. Kilaini, kinapitisha nuru kama kamasi ya mtoto,
kina pindo, na ndani ya pindo vitaa vyekundu
vinafuatana kama mishumaa ya maandamano
yanayopanda kilima usiku wa sikukuu.
Quitéria akanyamaza.
Valdemar, rubani wa roboti, akatamka neno
ambalo sikulitafsiri.
"Hiki... sijui," akasema Quitéria. "Jamani,
hakina jina bado."

Rahisi kwake. Ulimi husema sijui ukapumzika.
Lakini wapo wanaonitazama mimi tu,
na mikono iliyosimama hewani
si kimya cha kawaida:
kwao ni umeme umekatika.

Lugha yangu ya kwanza ilikuwa mikono ya baba.
Amaro, fundi wa kuta za mizabibu kule Pico,
mawe meusi ya volkano, bila saruji,
kila jiwe likishikwa na jirani yake.
Kiziwi tangu homa ya mwaka wa tatu.
Alinipa jina langu kwa kidole shavuni
kabla padri hajaninyunyizia maji.

Basi nikafanya: mkono wa kushoto bakuli,
wa kulia juu yake, ukitetemeka ukingoni,
kisha ncha za vidole, moja, moja, moja, zikawaka.
Nikarudia.
Kwa sekunde tisa kiumbe kile kilikuwa na jina
mahali pamoja tu duniani, viganjani mwangu.
Kikajikunja, kikaenda zake gizani.
Hakikuaga.

Usiku nikampigia baba kwa video.
Jikoni, miwani imemteleza puani,
hakuniuliza hata kama nimekula.
"Umekosea," mikono yake ikasema.
"Bakuli la nini? Kile hakibebi kitu."
Akasukuma kikombe kando,
akapangusa viganja kwenye suruali,
akauelekeza mmoja chini, peke yake, haushikwi na chochote;
pindo likaanzia kwenye kifundo,
taa zikapita kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho,
polepole, kama anavyojaribu jiwe
kabla hajaliachia.

Ndicho. Ndicho kabisa.

Kesho saa kumi tunashusha tena.
Nimesimama mbele ya kioo cha bafu, meli inayumba.
Kidole cha mwisho bado kinanishinda.