Mtaa wa Njegere

Barua ya mwaliko ilisema: miezi kumi,
ofisi yenye dirisha, na kadi ya kufungulia milango yote
isipokuwa maabara ya chini.
Haikusema lolote kuhusu jiko.

Nilipanga chumba Tartu, nyumba ya mbao, Mtaa wa Njegere,
nyuma yake Mtaa wa Maharage, mbele kidogo Mtaa wa Viazi.
Nikamwandikia dada yangu: nimehamia ndani ya sufuria.

Mimi ni mtu wa gesi. Kutwa nachomeka mirija
katika kinamasi, nikipima pumzi za matope
yaliyolala pale miaka elfu nane.
Taavi, mwenyeji wangu idarani, ananiita "mtaalamu wetu",
nami nashusha kofia masikioni nisionekane nimefurahi.

Siku mbili Hilje alinipandishia chai na mkate mweusi.
Ya tatu akanipa shoka.

Hatukuwa na lugha, tukatumia mikono.
Magogo sita ya gome jeupe. Gazeti la juzi. Kiberiti.
Kisha kibao cha chuma kwenye bomba la moshi:
ukikivuta, moshi unatoka; ukikisukuma, joto linabaki.
Akakisukuma mapema, kwa makusudi,
makaa yangali na ulimi wa buluu,
akafumba macho, akalaza kichwa begani, mdomo wazi,
akakaa hivyo muda mrefu kuliko mchezo.
Halafu akakivuta tena,
na kufumbua jicho moja kuona kama nimeelewa.

Nilielewa. Gesi ile naijua kwa herufi zake mbili,
kwa uzito wake, kwa jinsi inavyoing'ang'ania damu.
Sikuwahi kuijua kwa jina la mtu.
"Aleksander," alisema, na kwa kidole
akaandika kwenye majivu: 1987.
Akayafuta. Akaenda kumenya karoti.

Sasa hukesha mbele ya mlango wa jiko
kama mtu anayesubiri mtoto alale,
mpaka ule ubuluu uishe wote, hata ule wa pembeni.
Saa tano Hilje hugonga kwa mpini wa ufagio
dari yake, sakafu yangu. Mara moja.
Nami hujibu kwa kisigino.

Juzi Taavi aliniuliza kama nimeshazoea.
Nikamwambia kuni za mwaka huu zina vifundo,
na kwamba usingizi siupati
mpaka nigongewe.