Mwaka wa Kwanza Bila Misumari

Baba alizilaza mbao mwezi wa Oktoba,
misonobari ya nyuma ya ziwa, aliyoiangusha mwenyewe
utomvu ulipolala;
kila ubao unene wa vidole viwili,
ulimi wa huu ndani ya mfereji wa ule.
Akazilaza, akazisukuma kwa goti,
kisha akaiweka nyundo juu ya kabati.

Mama akauliza: Na misumari?
Mwakani, akasema Torsti.

Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi saba
na hasira iliyokwisha timiza tisa.
Nani huhamia nyumba isiyofungwa?
Baba akapapasa ubao kama apapasavyo shingo ya farasi:
Aune, huu bado una maji ya msituni.
Nani humkatia mkanda mtu anayekonda?

Basi baridi ikaja, ile ya Kainuu, inayopasua ndoo.
Jiko likaguruma usiku na mchana
na sakafu ikaanza kusema:
tak, chini ya kitanda;
tak, mlangoni, kama mgeni mwenye haya.
Mbao zikajikunyata, kila moja peke yake.
Nyufa zikafunguka, zikala
sindano ya mama, kifungo, punje za shayiri,
na sarafu aliyoapa kuwa nimeimeza mimi,
mtoto wa miezi mitatu.

Ubaridi ukapanda humo hadi vifundo vya miguu.
Mama akatandika mazulia ya matambara, akanyamaza siku nne.
Kimya chake, baba alisimulia uzeeni,
kilikuwa kikavu kuliko mbao zote.

Mei, theluji ilipochoka,
akazibana kwa kabari, akazigonga ubao kwa ubao
mpaka nyufa zikafumba,
na pale ukutani pakabaki pengo la upana wa kiganja.
Chumba kizima kilikuwa kimekonda kiasi hicho.
Akachonga ubao mmoja wa kuliziba.
Ndipo akaishusha nyundo.

Usiniambie msonobari ni laini.
Najua ni laini.
Nazijua alama za visigino vya harusi ya Tellervo,
kama mvua iliyogoma kukauka;
mkwaruzo wa viatu vya barafu vya kaka yangu;
shimo la sufuria, na sababu ya sufuria kurushwa.
Kigae kingevunjika, kikatupwa.
Huu ulipokea, ukabonyea, ukaendelea kutubeba,
na kila Jumamosi mama akausugua kwa mchanga na sabuni
mpaka weupe wake ukawa siagi,
siagi ikawa asali.

Juzi kijana wa dukani aliniletea vipande vya plastiki
vyenye picha ya mbao.
Haviingii alama, akasema. Hata ucheze ngoma.
Nikamuuliza: hiki kifundo hapa, lilikuwa tawi la upande gani, wa jua au wa kivuli?
Akacheka. Nikamwongezea kahawa;
hakuwa mtu mbaya.

Leo, kwa ajili ya bomba linalovuja,
nimeung'oa ule ubao wa ukutani.
Misumari ilitoka ikilalamika.
Chini yake sindano, yenye kutu, na sarafu yangu.
Na mgongoni mwa ubao, kwa penseli ya fundi:

Sentimita tisa. Aune bado amenuna.
Kuhusu baridi alisema kweli. Nisimwambie.

Nimeziba bomba.
Nimeurudisha ubao, maandishi chini,
nikaugonga taratibu,
mama asisikie.