Somo la -ja-

Ibra, mwezi wa tatu wa kungoja.
Chumba kiko juu ya duka la mashuka;
kiyoyozi kinakohoa usiku kucha
kama mtu mwenye neno asiyetaka kulianza.
Kwenye karatasi mimi ni mtalii.
Mtalii wa dirisha moja.

Pasipoti yangu analala nayo Musallam,
mpeleka makaratasi wa shule,
katika mfuko wa plastiki,
pamoja na za mafundi bomba wawili wa Kerala.
Nikimpigia: kesho, inshallah.
Kesho yake ni tandu,
miguu kibao na haifiki.
Subira yavuta heri, walisema nyumbani;
mimi navuta kiti, nakirudisha.

Damu wameipima.
Kifua wamekipiga picha wakakiona safi.
Hawakuiona cherehani ya mama
aliyoiuza Nansio nipate nauli.
Cheti kimegongwa mihuri, mhuri juu ya mhuri,
wa ubalozi umeukalia wa wizara,
na jina langu, Perpetua Nyanjige Magesa,
linachungulia katikati
kama mtoto nyuma ya pazia, wageni wamekuja.

Fomu iliuliza: Kiingereza umekipata wapi?
Niliandika: kwa Mwalimu Bituro, darasa la watoto tisini na wawili,
mvua ikipiga bati hadi tunamsoma midomo.
Nikafuta.
Nikaandika: chuoni.

Mwenye nyumba ni Bi Ghaliya.
Alizaliwa Wete, akaletwa huku ana miaka kumi,
na Kiswahili chake kikabaki na miaka kumi:
bado kinaruka kamba, bado kinasusa,
friji kinaiita sanduku la barafu.
Talaka hajui kuisema kwa Kiswahili, wala deni,
wala shinikizo la damu.
Hayo yalimkuta kwa Kiarabu.

Jumatano, soko la wanawake, namshikia kapu.
Huwaambia wenziwe: huyu mwalimu.
Wa shule gani?
Bado, anasema, na kunusa udi wa mtu.

Ana mjukuu, Yaarub, wa miaka tisa.
Kiingereza amekichota kwenye katuni,
anakipuliza kama bablishi mpaka kinapasuka puani.
Juzi alinisahihisha neno.
Alikuwa sahihi.
Nilikunywa kahawa yangu kimya, na kokwa ya tende
nikaizungusha mdomoni muda mrefu kuliko adabu.

Lakini bibi anataka mtoto ajue kusema naye.
Basi alasiri tunakaa chini, mimi na Yaarub,
daftari la mistari, penseli iliyotafunwa.

Sikula, namwambia, ni sahani imeoshwa.
Yamekwisha hayo.
Sijala, sahani ipo, imefunikwa kawa,
na mtu anaweza kuingia sasa hivi akanawa mikono.
Ananitazama. Herufi mbili tu?
Mbili tu.

Sikumwambia lile jingine:
kwamba lugha niliyopanda ndege kuja kuiuza
haina kiungo hiki ndani ya kitenzi chake,
hulazimika kuazima neno la pembeni
na kulisukuma mkiani mwa sentensi, likining'inia.
Sisi kungoja tumekushonea ndani,
katikati ya mtu na tendo lake,
pale pale panapouma.

Tunga tatu, nikasema.
Akaandika, ulimi nje:

Mvua haijanyesha.
Baba hajarudi kutoka Sohari.
Wewe hujawa mwalimu.

Bi Ghaliya akamfinya sikio.
Niliisoma mara ya pili, nikitafuta kosa.
Hapana kosa.
Nikampa vema tatu, ya mwisho
nikaikoleza hadi karatasi ikatoboka.

Saa kumi na moja simu ikalia, nikaidaka kwa mikono miwili.
Kampuni ya simu:
salio langu linakaribia kwisha.

Halijaisha.