Mkono wa Kushoto

Baba yake alichimba visima Makutupora,
mtu mrefu, mwekundu kama tofali la kuchoma,
na binti yake, Aila, alikula kwetu,
mlenda ukimtiririka mpaka kiwikoni.

Muheme haumkubali kila mtu.
Ngoma unaibana mapajani, mgongo unaulegeza,
mkono wa kushoto unauliza,
wa kulia haujibu upesi.
Siku tatu alilia. Ya nne mama akasema:
"Huyu ameshika. Mpeni maziwa."

Kisha wakarudi kwao Ufini.
Kisha miaka.
Kisha kanda, ndani ya bahasha
yenye stempu ya mnyama
mwenye pembe kama mgunga uliopukutika.
Juu ya kasha Aila kavaa fedha mwili mzima,
anang'aa kama sufuria ya dukani,
nywele zimesimama kwa hofu ya kitu tusichokiona.

Tukaiweka kwenye redio ya mwalimu Chilongani.
Vinanda vya umeme, mashine inapiga makofi,
sauti inapanda, inashuka, lugha hatuijui,
lakini chini, chini kabisa,
kama maji yaliyojificha kwenye changarawe,
mkono wa kushoto unauliza.
Mama akaacha kupepeta.

Wimbo ule ulitamba kwao majira mawili ya theluji.
Wa pili haukufika mbali. Wa tatu sikuletewa.
Mwandishi wa gazeti alimwuliza mdundo kautoa wapi,
akajibu: "Moyoni."
(Gazeti alinitumia mwenyewe,
na tafsiri pembeni kwa kalamu ya risasi.)
Moyoni, Aila?
Mapajani kwetu.

Barua ya mwisho: anaimba melini,
usiku kucha kwenda Uswidi na kurudi,
abiria wanakula samaki, hawageuki.
Zile nguo za fedha zimembana, kaziuza.
Anauliza mvua. Anauliza kama mama bado anapiga.
Mimi meli sijaiona.
Nilimjibu mvua tu.

Juzi, Majengo, kwa fundi simu,
kijana wa juzijuzi akaufungulia,
umeongezwa kasi, sauti ya Aila imekatwa yote,
kimebaki kile cha chini.
"Mama, kumbe unaujua?"
Goti langu bovu lilikuwa limeshajibu.

Nikamwambia apunguze.
Kisha nikamwambia aongeze.