Mizani ya Muthiani

Tiketi inasema kilo ishirini na tatu.
Ploti yetu haina mizani,
kwa hiyo sanduku nimeliburura hadi buchani kwa Muthiani,
Kariobangi Kusini, saa mbili usiku,
naye akalitundika kwenye kulabu
kati ya paja la mbuzi na matumbo.

"Thelathini na moja," akasema, akipangusa kisu.
"Kemunto, unaenda misheni au unahama?"

Kuna mfalme wa kale aliyepimwa akapungua.
Mimi nimepimwa, nimezidi.
Nimezidi kilo nane, na ndege ni kesho.

Nikalifungua palepale, juu ya gogo la kukatia nyama.
Muthiani akanitandikia gazeti la juzi.
Kichwa cha cherehani, chuma kitupu, kilo kumi na mbili:
bila hicho nitawafundisha nini akina mama wa Lilongwe,
kupiga makofi?
Makasi mawili. Bobini. Futi ya kitambaa
iliyofutika kuanzia moja hadi kumi na tano.
Unga wa wimbi, kilo mbili, kutoka kwa mama,
maana mama haamini kwamba ng'ambo ya mpaka watu hula.
Bahasha yenye orodha ya waliochanga:
mia, hamsini, mia mbili,
na Mzee Otundo wa mkaa, ishirini,
kando yake ameandika "samahani".
Nikaiondoa bahasha. Mizani haikutikisika.
Mimi nilitikisika.

Halafu fulana. Fulana arobaini za manjano,
mchungaji kazichapisha River Road kwa deni,
kifuani, herufi kubwa: NIMETUMWA.

"Hizo ndizo nane zako," akasema Muthiani.

Nikasita. Picha zilishapangwa,
sisi na wenyeji, manjano kwa manjano, mbele ya bango.
Lakini fulana haijawahi kutunga uzi sindanoni.

Ndipo akaingia Naliaka wa mlango wa nne,
noti ameikunja ndogo kama kidonge.
"Nimetumwa. Mama anasema robo, na mfupa wa bure."
Kisha akaniona.
"Anti, sare yangu?"

Sare yake iko kwangu tangu Pasaka.
Imefumuka kwapani, mshono wa dakika tano.
Nilimwambia kesho,
na kesho yangu ina wiki sita sasa.
Wiki sita nilikuwa nikishona mifano,
aproni, mikoba, bibu za watoto,
ili Malawi waone kwamba Nairobi tunajua kazi.

Akaokota fulana moja, akaisoma kwa silabi.
"Ni-me-tu-mwa. Umetumwa wapi?"
"Malawi."
"Kununua nini?"

Muthiani alicheka hadi akaegemea jokofu.
Mimi nilitafuta jibu chini ya gazeti,
chini ya unga wa mama,
nikapata kishikizo tu, cha nani sijui.

Usiku huo nikakitoa tena kichwa cha cherehani,
nikakifunga mezani, skrubu nne.
Stima ilipotea saa tano, nikazungusha gurudumu kwa mkono,
tochi ya simu mdomoni.
Dakika tano zilikuwa arobaini.
Nilipobusu ule mshono kuukata uzi
ulinuka jasho la mtoto na chaki.
Sikuomba. Nilisahau.

Asubuhi bombani fulana zilikuwa zimetangulia,
zikifika magotini, zikiburuta matope,
watoto wa ploti nzima wameandikwa vifuani,
na kila mmoja ametumwa kweli:
huyu maziwa, yule mkate nusu,
yule mdogo kabisa, kibiriti.
Mchungaji, aliyekuja kunisindikiza,
alizihesabu kimya, midomo ikicheza.

Sanduku likaingia kwenye teksi, jepesi kidogo.
Naliaka akaja mbio, sare mwilini,
akainua mkono juu nione kwapa,
kisha akainama dirishani, uso umekazwa
kama mama yake anapomkabidhi pesa:

"Anti, usipoteze chenji."